Waliojenga na Walioamua

Kwa miaka mingi, jina la Segerea likitajwa Kariakoo au Posta, wengi walifikiria mahabusu kwanza, kwa sababu ya gereza lililopo huku. Wakazi wenyewe wanaijua kata yao kwa mengine: vilima vinavyoshuka kuelekea Kinyerezi, nyumba zilizojengwa pole pole kwenye viwanja vya watu walioacha vyumba vya kupanga Buguruni na Ilala, na shule zenye majina ya mitaa. Sekondari mbili za huku, Migombani na Ugombolwa, zinaitwa hivyo kwa sababu mitaa inaitwa hivyo. Mzazi wa Segerea akisema "shule yetu" haongezi chumvi. Mara nyingi aliwahi kuichangia.

Lakini kuchangia shule ni jambo moja, na kuamua mambo ya shule ni jambo lingine. Historia ya shule za wananchi nchini Tanzania, ukiifuata kwa utulivu tangu ukoloni hadi leo, ni historia ya mambo hayo mawili kukutana kwa muda mfupi na kuachana kwa muda mrefu. Nimeona ni vyema kuieleza kutokea Segerea na kata jirani za Tabata, Kipawa na Vingunguti, kwa sababu habari za kushiriki kwa jamii huandikwa zaidi kuhusu vijijini, ambako mkutano mkuu wa kijiji unajulikana na kila mtu ana jirani wa miaka thelathini. Pembezoni mwa Dar es Salaam mambo ni magumu zaidi, na kwa hiyo yanafundisha zaidi.

Waingereza waliacha sehemu kubwa ya kazi ya kufundisha mikononi mwa wamisionari. Sheria ya elimu ya Waafrika ya mwaka 1927 ilipanga namna ya kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, na ikaunda kamati za ushauri ambamo maofisa na wamisionari ndio waliokuwa na neno. Mzazi Mwafrika alileta mtoto, akalipa ada, akarudi shambani. Waliotaka zaidi ya hapo walilazimika kujenga chao. Mjini Dar es Salaam, katika miaka ya 1930, Waislamu waliokusanyika katika Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika walichangishana wakajenga shule yao wenyewe, watoto wao wapate dini na elimu ya dunia chini ya paa moja. Hapo walioamua na waliochanga walikuwa watu wale wale.

Miaka ya 1950 haja ya shule ilizidi uwezo wa wakoloni na misheni pia. Kusini mwa Segerea ya leo, katika vilima vya Pugu, Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Francis hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU. Mwaka huo huo ilianzishwa TAPA, jumuiya ya wazazi wa Kiafrika wa Tanganyika, iliyokuja kuwa Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala. Kazi yake ilikuwa wazi: kufungua madarasa kwa watoto waliokosa nafasi. Walimu wake wengi walikuwa na elimu kidogo, majengo yalikuwa ya udongo na makuti, na serikali ya kikoloni haikuyatazama kwa jicho jema. Lakini katika mabanda hayo wazazi walikaa, wakahesabu senti, wakaajiri mwalimu, na wakamwondoa asipofaa. Hata chuo kikuu chetu kilianza kwa jasho la namna hiyo. Oktoba 1961 wanafunzi wa kwanza wa sheria waliingia darasani katika jengo la TANU, mtaa unaoitwa leo Lumumba, jengo lililosimamishwa kwa michango ya wanachama.

Ndiyo maana uhuru ulipopatikana watu hawakungoja. Ubaguzi wa rangi katika mfumo wa elimu ulifutwa kisheria kuanzia Januari 1962, na vijiji vingi vikaanza kufyatua matofali. Serikali changa ilijikuta katika hali ya kusikitisha: ililazimika kuwatuliza watu wake. Nchi nzima ilikuwa na watoto wasiofika nusu milioni katika shule za msingi, na wanafunzi wa sekondari kama elfu kumi na mbili tu. Mpango wa miaka mitano ulioanza 1964 uliweka mbele sekondari na vyuo, ili nchi ipate wahandisi, waganga na maofisa wake. Waliojenga darasa la tano kwa mikono yao waliambiwa walimu hawapo, wangoje. Kenya ilichukua njia nyingine. Huko shule za harambee, zilizojengwa kwa michango ya wananchi, ziliachwa zichipue, na kwa muda sekondari za harambee zilizidi zile za serikali kwa idadi. Ziliwapa watoto wengi nafasi, ila zilizidi pale ambapo watu walikuwa na kahawa, chai na wabunge wenye nguvu. Tanzania haikutaka tofauti hiyo, na ninaamini ilikuwa na haki kuiogopa.

Machi 1967 Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Watu wengi hukumbuka majembe na mashamba ya shule. Wazo lililokuwa chini ya majembe ni kwamba shule iwe sehemu ya kijiji, na kijiji kiione kuwa ni chake. Jaribio zito la wazo hilo lilifanyika Kwamsisi, mkoani Tanga, kuanzia 1971, chini ya uangalizi wa chuo cha ualimu cha Korogwe. Walimu walichukua matatizo ya kijiji wakayaingiza katika masomo, na wanakijiji wakaingia katika mambo ya shule. Baadaye jaribio hilo likatanuliwa kwa msaada wa UNICEF na UNESCO, katika mradi uliojulikana kama MTUU. Kwamsisi ilisifiwa sana. Tatizo ni kwamba wazazi wengi walikuwa na hofu moja tu, na walikuwa na sababu ya kuwa nayo: mtoto wao alikuwa anaandaliwa abaki kijijini, wakati mtihani wa darasa la saba ulikuwa bado ndio mlango wa kutokea. Shule ya jamii waliitaka, mradi isiwafungie watoto mlango huo.

Wakati huo huo mkono wa serikali ulizidi kurefuka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni chini ya serikali. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa na madaraka yakapelekwa mikoani, kwa watumishi wa serikali kuu, na mwaka uliofuata halmashauri za miji nazo zikafuata. Kwa hiyo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto awe ameingia shule ya msingi ifikapo 1977, hapakuwa na diwani wa kuulizwa. Palikuwa na chama, kijiji na mjumbe wa nyumba kumi.

Na bado walifanya. Ni lazima tuliseme hilo kwa heshima yote. UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, ilijengwa na wananchi: matofali ya kuchoma, miti, maji ya kubebwa kichwani, madarasa yaliyoezekwa kwa nyasi. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta, redio na walimu wazoefu wa karibu, kwa miaka mitatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watoto zaidi ya milioni tatu na nusu walikuwa madarasani. Katika Afrika nzima ya wakati ule ni nchi chache zilizofika hapo.

Mwaka mmoja baada ya 1977 ikaja Sheria ya Elimu namba 25 ya 1978, ambayo bado ndiyo mama wa sheria zetu za shule. Sheria hiyo ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto na kuhakikisha anahudhuria. Pia ilitaka kila shule ya msingi iwe na kamati, na kila sekondari iwe na bodi. Kwa miaka mingi kamati hiyo ilikuwepo kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye benchi. Mwalimu mkuu alikuwa katibu wake. Mwenyekiti aliitwa darasa likivuja, choo kikijaa, au mgeni akija. Mishahara ililipwa kwingine, vitabu vilitoka kwingine, na kamati isiyoshika hata shilingi moja ya maana ilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuwaambia wazazi wenzao kiasi cha kuchanga.

Miaka ya 1980 ilikuwa mikali. Vita ya Kagera, bei ya mafuta, na masharti ya wakopeshaji viliikausha hazina. Mchango wa UPE ukawa ada kwa jina jingine, na kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa Sh 2,000 kwa mtoto, kabla ya kuhesabu sare, dawati, mlinzi na karatasi za mtihani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ililisema wazi suala la kuchangia gharama, na ikataka kamati na bodi za shule ziwajibike kwa uendeshaji, mipango, nidhamu na fedha. Palikuwa hata na Mfuko wa Elimu wa Jamii, uliofadhiliwa na mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo shule za majaribio zilizokusanya fedha ziliongezewa na serikali kiasi kingine juu yake. Lakini kiwango cha uandikishaji, kilichokuwa kimekaribia asilimia mia moja mwanzoni mwa miaka ya 1980, kilishuka hadi karibu asilimia 77 mwaka 2000. Mzazi asiye na Sh 2,000 alimficha mtoto nyumbani. Hiyo ndiyo kura aliyopiga.

Katika miaka hiyo hiyo, majirani wa Segerea walikuwa wanaonyesha wanaweza nini. Jiji lilikuwa linatupa taka Tabata, zikichomwa mchana na usiku katikati ya makazi. Mwaka 1988 wakazi walifungua shauri dhidi ya halmashauri ya jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji lilivuta miguu, likaomba muda, na wakazi wakaendelea kulibana hadi dampo likahama. Muda mfupi baadaye, Tabata ikawa na mfuko wake wa maendeleo, TDF, ulioundwa na wakazi wenyewe, ambao uliingia katika mradi wa miundombinu wa jamii kwa ajili ya barabara, mifereji na maji. Ninawaza sana juu ya jambo hili. Watu walioweza kusimama na jiji zima mbele ya jaji, wakifika kwenye geti la shule ya msingi ya watoto wao waliulizwa jambo moja tu: umekuja na mchango?

Jiji lenyewe lilikuwa limefilisika kiutendaji. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza lake, akaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Mwaka 2000 tume ikaondoka, na manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke zikaanza kazi. Chini ya manispaa hizo kulikuwa na kata na mitaa, na wenyeviti wa mitaa waliokuwa wakichaguliwa kwa kura tangu 1994. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, palikuwa na ngazi ambazo mzazi wa Segerea angeweza kuzipanda kwa miguu.

Kisha ikaja MMEM. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipangwa kwa miaka ya 2002 hadi 2006, na ada ilikuwa imefutwa tayari katikati ya 2001. Watoto walifurika. Walikuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000, na kufikia 2006 walikaribia milioni nane. Tarakimu hizo zinajulikana na zimeandikwa sana. Lililoandikwa kidogo ni kilichotokea kwenye kamati.

Chini ya MMEM kila shule ya msingi ilitakiwa kufungua akaunti benki. Serikali iliahidi ruzuku ya dola kumi kwa kila mwanafunzi, yaani kama Sh 10,000, kwa ajili ya vitabu, chaki, ukarabati, mitihani na uendeshaji. Fedha za madarasa mapya, vyoo na nyumba za walimu zilikuja kando. Aliyepanga matumizi ni kamati ya shule. Wazazi walichaguliwa na wazazi, walimu wakawa na wawakilishi, mwalimu mkuu akabaki katibu. Kamati ilitengeneza mpango wa shule, ikatafuta fundi, ikapatana naye bei, ikanunua saruji na mabati, ikapokea mzigo, ikaweka kumbukumbu. Mapato na matumizi yalitakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo mama aliyemleta mtoto wa darasa la kwanza angeweza kusoma.

Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kamati ya namna hiyo anaweza kuona ni kazi ya makaratasi. Haikuwa hivyo. Mzazi muuza genge alijifunza kwamba mfuko wa saruji una bei tatu kutegemea unanunua wapi, na kwamba kokoto ya Kunduchi ikifika pungufu lazima aliyesaini aulizwe. Fundi aliyezoea kupewa kazi na ofisi ya mbali alijikuta anahojiwa na mtu anayemfahamu, ambaye mtoto wake atakaa chini ya linta ile. Kasoro zilikuwa nyingi. Kamati nyingine zilipewa mafunzo ya siku chache zikaachwa. Nyingine zilimezwa na mwalimu mkuu aliyejua vitabu vya fedha peke yake, au na mwenyekiti aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Na ruzuku yenyewe haikufika nzima. Sehemu ya vitabu ilizuiwa juu, kilichobaki kilipita wilayani, na tafiti za kufuatilia fedha zilionyesha tena na tena kuwa shule zinapata pungufu ya kilichoahidiwa. Lakini jambo muhimu lilikuwa limeshatokea: wazazi walikuwa wanajua kiasi kilichoahidiwa, na kwa hiyo wangeweza kuhesabu kilichopungua.

Kujua huko hakukuwapendeza wote. HakiElimu, shirika lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2001, lilikuwa likichapisha vijitabu na matangazo ya redio na televisheni kuhusu hali ya shule na haki ya mzazi kuuliza. Mwaka 2005 wizara ililipiga marufuku kuchapisha habari za shule za Tanzania. Marufuku hayo hayakuwazuia wazazi kuuliza, ila yaliwaonyesha kwamba kuuliza kuna gharama.

Mwaka 2006 mzigo ukahamia sekondari. Watoto wa MMEM walikuwa wanafika darasa la saba, wengi wanafaulu, na nafasi za kidato cha kwanza hazikutosha. Waziri Mkuu mpya, Edward Lowassa, aliagiza kila kata ijenge sekondari yake, na ijenge upesi. Mwaka 2005 serikali ilikuwa na sekondari zaidi ya 1,200. Mwaka 2010 zilikaribia 3,400, na wanafunzi wote wa sekondari walipanda kutoka kama laki tano hadi zaidi ya milioni moja na laki sita. Hakuna kipindi kingine katika historia ya nchi yetu ambapo milango mingi hivyo ilifunguliwa kwa haraka hivyo kwa watoto wa watu wa kawaida, na hasa kwa wasichana ambao baba zao wasingelipa shule ya bweni.

Njia iliyotumika ilijulikana tangu UPE: wananchi wanasimamisha boma, serikali inapaua. Watendaji wa kata na mitaa walipita nyumba kwa nyumba na vitabu vya stakabadhi. Kiwango kilipangwa, na asiyelipa alitafutwa. Sehemu nyingine mgambo walitumika, na hapo ndipo mchango ulipoanza kuonekana kama kodi. Mjini palikuwa na ugumu zaidi. Nani hasa ni mwananchi wa Segerea? Mwenye nyumba analipa, lakini mpangaji ambaye mwakani atahamia Mbagala, je? Ardhi ya shule itoke wapi, wakati viwanja vimeshauzwa vyote hadi ukingo wa mfereji? Kijijini mzee hutoa ekari mbili kwa ajili ya shule. Pembezoni mwa jiji ekari mbili ni urithi wa familia nzima.

Kilichouma zaidi kilikuja baada ya paa kukamilika. Vijijini aliyejenga sekondari ya kata alimwona mwanawe akiingia humo. Dar es Salaam wanafunzi waligawanywa kulingana na nafasi. Mtoto wa mtaa fulani alipangiwa kata ya tatu au ya tano, akaanza safari ya alfajiri ya kubembeleza makonda wa daladala, huku darasa lililojengwa na mchango wa mama yake likijaa watoto waliotoka upande mwingine wa manispaa. Kwa mantiki ya jiji hilo linaeleweka. Kwa aliyelipa linavunja moyo, na sioni namna ya kulieleza ambayo ingeliondolea uchungu wake. Tena bodi ya sekondari, tofauti na kamati ya shule ya msingi, huteuliwa. Mzazi aliyekuwa na kiti kwenye kamati ya MMEM alijikuta hana kiti katika shule ya kata aliyoijenga.

Majengo yalikuwepo, walimu wa hisabati na sayansi hawakuwepo, na watu wakazipa shule zile majina ya dharau. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo kama asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yalitikisa nchi nzima hadi serikali ikaunda tume. Wenye uwezo kidogo walikuwa wameshaanza kuondoka kimya kimya. Pita Tabata, Kimanga, Segerea au Kinyerezi asubuhi uone mabasi ya shule za binafsi za Kiingereza. Kila mtoto aliyepanda basi hilo aliondoka na mzazi wake: mhasibu, muuguzi, mwalimu mstaafu, mtu anayejua kusoma taarifa ya benki. Kamati ya shule ya msingi ya serikali ikabaki na wazazi wenye nia ileile na muda mchache zaidi, kwa sababu wanatoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku. Mara nyingi tunahesabu wanafunzi waliohamia shule za binafsi na kusahau kuhesabu wajumbe wa kamati waliohama nao.

Novemba 2015 ukatoka Waraka wa Elimu namba 5, uliofuta ada na michango ya lazima tangu chekechea hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016. Watoto walifurika tena. Wengine walikaa sakafuni, na nchi ikaingia katika kampeni ya madawati. Bunge lilitoa Sh bilioni sita lilizookoa kwenye matumizi yake ili zitengeneze madawati. Ruzuku sasa ilitumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule kila mwezi, na hilo lilikuwa hatua njema ya kweli. Serikali ililipa pia fidia ya ada ya sekondari, ambayo kwa mwanafunzi wa kutwa ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka. Lakini kiwango cha ruzuku ya shule ya msingi kilibaki Sh 10,000 ile ile ya MMEM. Mwaka 2001 ilikuwa karibu dola kumi. Mwaka 2016 haikufika dola tano. Kamati iliyowahi kuajiri fundi kwa fedha hiyo sasa ilijadili kama inunue chaki au ilipe bili ya maji.

Kwa hiyo michango ikarudi kwa mlango wa nyuma: mlinzi, uji, majaribio ya kila wiki, masomo ya ziada. Tarehe 17 Januari 2018 Rais John Magufuli aliwaita Ikulu mawaziri Joyce Ndalichako wa elimu na Selemani Jafo wa tawala za mikoa na serikali za mitaa (TAMISEMI), akapiga marufuku michango shuleni. Mwalimu asishike fedha ya mzazi. Mzazi mwenye moyo wa kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Wazazi maskini walishukuru, na walikuwa na haki, kwani watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya Sh 500. Ila agizo hilo liliondoa pia mambo ambayo wazazi walikuwa wamekubaliana wenyewe kwenye mkutano, kama uji wa wadogo wanaokaa hadi saa nane bila kula. Mlinzi aliyelipwa na wazazi aliondoka. Shilingi ya mzazi wa Segerea sasa ilitakiwa ipande hadi ofisi ya mkurugenzi ndipo ishuke kwenye shule iliyo dakika kumi kutoka kwake. Agizo lililomlinda mzazi dhidi ya kulazimishwa lilimwondolea kwa wakati huo huo mahali pa kuamua.

Tangu hapo fedha za ujenzi zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote. Mwishoni mwa 2021 mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19 ulijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, yakiwemo 3,000 katika shule shikizi. Kwa utaratibu wa force akaunti, ambao shule husimamia ujenzi yenyewe badala ya kumpa mkandarasi, shule inaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na wazazi wamo. Ukiitazama kwa mbali unaweza kudhani MMEM imerudi. Kwa karibu kuna tofauti: ramani imetoka juu, kiasi kimetoka juu, tarehe ya kumaliza imetoka juu, na mkuu wa wilaya yuko mlangoni anahesabu siku. Mjumbe anasaini kupokea mabati. Kama shule ilihitaji vyoo kabla ya darasa, hilo halikuulizwa.

Sasa kuna mtihani mkubwa mbele. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inafanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Watoto walioingia darasa la tatu na mtaala mpya mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Wilaya ya Ilala ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.6 katika sensa ya 2022. Segerea haina tena shamba la kukata, kwa hiyo madarasa yatakwenda juu kwa ghorofa, na ghorofa haijengwi kwa boma la wananchi na paa la serikali. Inahitaji mhandisi na fedha za pamoja.

Mtu mwingine anaweza kuona kwamba hapo ndipo wazazi wapumzike. Mimi naona kinyume. Kuna mambo ambayo hakuna mhandisi anayeyajua kuliko mama wa Migombani: mtoto gani anavuka barabara ipi, zamu ya asubuhi na ya mchana igawanywe vipi ili wasichana wasirudi gizani, uji ulipwe na nani na asiye nacho asamehewe kwa utaratibu gani usiomwaibisha, mlinzi alipweje bila mchango wa lazima. Sheria ya 1978 bado inaipa kila shule ya msingi kamati. Wajumbe wake bado wanachaguliwa. Kilichobaki ni kuipa kamati hiyo bajeti inayolingana na bei za leo, kuzifanya bodi za sekondari za kata ziwe na wazazi waliochaguliwa na wazazi, na kuzirudisha taarifa za fedha ukutani pale getini, kila robo mwaka, kabla Januari 2028 haijafika.